Trekta la baba na dainamo iliyogoma kuchaji

Trekta letu ni Massey Ferguson 35, lile la dizeli lenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Haliwashwi kwa kuzungusha ufunguo. Ufunguo unafungua umeme tu, halafu unapeleka mkono wa gia kwenye herufi S, starta inashika. Asubuhi moja ya Novemba niliupeleka kwenye S nikasikia "tk" moja, kisha kimya. Nikarudia. "Tk." Watu watano walikuwa wamekwisha kutoa hela ya kulimiwa, na mawingu yalishaanza kujikusanya upande wa mlima Kwaraa.

Kwetu Gallapo, wilayani Babati, mahindi na mbaazi hupandwa shamba moja, na anayechelewa kulima anachelewa kula. Kwa hiyo trekta likigoma mwezi ule, si mwenye trekta peke yake anayeumia. Marehemu baba alilinunua mwaka 1979, likiwa limekwisha kutumika miaka mingi kwenye shamba la kahawa huko Oldeani. Liliundwa Coventry, Uingereza. Aina hii ilianza kufungwa injini ya silinda tatu mwaka 1959, na uundaji wake ukakoma mwaka 1964 ilipokuja Massey Ferguson 135. Limesomesha watoto sita wa nyumba yetu. Silioni kama chuma tu, na nalisema hili ili msomaji aelewe kwa nini nilihangaika nalo badala ya kuliuza kwa kilo.

Kwanza niliilaumu betri. Nilichukua hela niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mbegu, nikanunua betri mpya. Siku tatu trekta liliwaka kama limetoka dukani. Siku ya nne, "tk".

Leo najua kwamba zile siku tatu zenyewe zilikuwa jibu. Betri ni debe tu, dainamo, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, ndiyo inayochota maji. Ukinunua debe jipya lililojaa, utakunywa siku mbili tatu, kisha litakauka kama lile la zamani, kwa sababu kisimani hakuna anayekwenda. Betri ambayo imekufa kweli haishiki chaji hata ukiipeleka kuchajiwa. Inayowasha vizuri ikitoka kuchajiwa na kuzimika baada ya siku chache inakwambia kitu kingine kabisa. Lakini sikuisikiliza.

Na kulikuwa na shahidi wa pili mbele ya macho yangu kila siku, ampemita pale kwenye dashibodi. Ni kidude kidogo cha duara, sifuri iko katikati. Mshale ukienda upande wa kuchaji, betri inapokea. Ukienda upande wa pili, betri inatoa. Wa kwetu ulikuwa umeegemea upande wa kutoa, kidogo tu, kwa muda ambao siwezi hata kuukadiria. Kwa kuwa geji ya joto na ile ya oili zilishakufa zamani, nilichukulia kwamba nayo imekufa. Ilikuwa ndiyo geji pekee iliyobaki hai kwenye trekta zima, na ilikuwa inasema kweli.

Nikavuta trekta hadi mjini kwa fundi umeme. Hakupima kitu. Alisema "katauti hiyo", yaani kile kisanduku cheusi chenye koili mbili kinachokaa kati ya dainamo na betri, kikiziunganisha na kuzitenganisha, akafunga kipya. Wakati wa kufunga alitoa betri akasafisha vichwa vyake, na alipoirudisha akaweka hasi kwenye bodi, yaani kwenye chuma cha trekta lenyewe, kama magari yote anayoyaona kila siku. Trekta letu lilikuwa la zamani, chanya ndiyo ilikuwa kwenye bodi. Hakuna aliyegundua. Starta ya aina ile ina koili badala ya sumaku, kwa hiyo inazunguka upande uleule hata ukigeuza umeme. Taa nazo zikawaka. Kila kitu kikaonekana sawa.

Njiani kurudi nyumbani, nikiwa nimekanyaga mafuta kwenye tambarare, nilisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nilishuka nikachomoa kichwa cha betri kabla hata injini haijazima. Nilipofungua kifuniko cha katauti mpya, vile vidole viwili vya kugusana vilikuwa vimeshikana kama vimechomelewa, kimoja kimevimba kichwani mithili ya kijiti cha kiberiti kilichoungua nusu. Waya wa kahawia unaotoka kwenye dainamo ulikuwa umelainika, ngozi yake imekunjamana.

Sababu yake nilikuja kuelezwa baadaye. Dainamo inaanza kuzalisha umeme kwa kutumia usumaku kidogo unaobaki kwenye chuma chake, na usumaku huo unakumbuka upande. Betri yangu ilikuwa imegeuzwa, dainamo haikuwa imeambiwa. Ikaendelea kuzalisha kwa upande wa zamani. Katauti ilipofunga, umeme wa betri na wa dainamo ukakutana uso kwa uso. Kama nisingechomoa kile kichwa, ningepoteza dainamo, betri na waya wote, na pengine trekta lenyewe kwa moto.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja jirani wa mjomba wangu, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye karakana za mashamba ya ngano kule Basotu. Nilimkuta amekaa nje anapukuchua mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeshabadilisha nini na nini?"

Nikamtajia betri, katauti, na waya mmoja.

"Na umepima nini?"

Sikuwa na jibu. Hakunicheka. Aliendelea kupukuchua gunzi lililokuwa mkononi hadi likaisha, ndipo akasema betri iende ikachajiwe usiku kucha, yeye atakuja kesho. Alikataa kabisa kugusa trekta likiwa na betri iliyochoka. Betri dhaifu, alisema, itakudanganya kwenye kila kipimo kitakachofuata.

Asubuhi alikuja na mita ndogo ya kawaida, ile ya bei rahisi ambayo hata mimi ningeweza kuinunua siku ya kwanza, kipande cha waya, bisibisi na msasa. Tuliirudisha betri, injini imezimwa: volti 12.6. Huo ndio ujazo. Ikisoma 12.0 ujue imebaki kama robo, na ikikaa hivyo siku nyingi inaharibika kwa ndani hata kama ni mpya. Kisha akabonyeza mkanda wa feni kwa dole gumba, katikati ya puli na puli. Unatakiwa uzame sentimita moja na nusu au mbili hivi. Wetu ulizama kama upana wa vidole vitatu, na upande wake wa ndani ulikuwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mkanda unaong'aa unateleza. Tukaukaza, lakini akanionya nisiukaze kama uzi wa gitaa, kwa sababu mkanda uliozidi kukazwa unamalizia bushi ya dainamo, ile pete ya shaba ambamo shafti yake inazunguka. Sikujua kwamba ya kwetu ilishamalizika.

Kipimo kilichofuata ndicho ninachotamani kila mwenye trekta la namna hii akijue. Dainamo ina waya mbili, mnene wa D na mwembamba wa F. Alizichomoa zote mbili, akaunganisha D na F za dainamo kwa kile kipande cha waya. Mguu mmoja wa mita akaugusisha hapo, mwingine kwenye bodi ya dainamo, mahali alipopakwangua hadi chuma cheupe. Injini ikawashwa, ikaachwa ingurume taratibu. Katauti haimo tena, nyaya za trekta hazimo, ni dainamo peke yake inasimama kujieleza. Usikanyage mafuta wakati huo, kwa sababu ikiwa nzima itapanda bila mtu wa kuizuia, na ikivuka volti 20 unaiunguza mwenyewe.

Ikipanda vizuri bila kutetereka, dainamo haina kosa, katafute kwingine. Isiposoma chochote, anza na brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopokea umeme. Ikisimama kwenye nusu volti au volti moja, kuna tatizo kwenye koili za fildi, zile zinazotengeneza usumaku. Ikisimama kwenye 4 au 5, mshuku amecha, yaani sehemu ya ndani inayozunguka. Ya kwetu haikusimama popote. Ilionyesha 2, ikaruka 9, ikashuka 4, ikaruka tena.

"Hii kuna kitu kinagusa na kuachia," akasema babu, na akazima injini.

Tuliishusha. Ni dainamo ya Lucas C40A, kitu kizito cha kujaza mikono miwili, kimeshikwa kwa bolti mbili ndefu zinazopita ndani kwa ndani. Tulipovuta kifuniko cha nyuma, vumbi jeusi lilimwagika kwenye gunia. Brashi moja ilikuwa imekwama ndani ya nyumba yake, imenatishwa na uji wa vumbi la kaboni na oili. Springi yake ilikuwa inasukuma bure. Komyuteta, ile duara ya shaba iliyokatwa vipande vipande, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Na kwenye mwili wa amecha kulikuwa na mkwaruzo unaong'aa, mpana kama kidole, uliozunguka mzingo wote. Kwa ndani ya ganda, kwenye vile viatu vya chuma vinavyoshika koili, kulikuwa na alama pacha. Amecha ilikuwa inasugua ganda.

Babu aliingiza ncha ya shafti kwenye bushi ya nyuma akaitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto.

Hapo ndipo nilipojua sehemu yangu. Bushi ile ya shaba ina tundu dogo nyuma, la kutiwa matone mawili matatu ya oili ya injini kila baada ya muda. Baba alikuwa akitia. Mimi tangu nimelirithi trekta sikuwahi kutia hata tone. Miaka miwili nyuma niliposikia mlio wa kusaga nilichukua kopo la oili nikamimina hadi ikafurika. Nilidhani nimelitendea wema. Oili iliyozidi haikukaa kwenye bushi, ilikwenda kwenye komyuteta na brashi. Kwa hiyo niliua kwa ukame kwanza, kisha kwa gharika.

Kabla ya kununua chochote alipima kilichobaki. Koili za fildi, kutoka F hadi kwenye ganda, zilisoma ohmu 6, sawa kabisa. Amecha haikuwa imegusana na shafti yake. Ilikuwa imekwaruzwa, haijaungua. Nilishusha pumzi, maana amecha ya dainamo hii si kitu cha kupata kila duka.

Bushi tulipata Arusha pamoja na brashi mbili. Nilitaka ifungwe jioni ileile, kuna watu wanangoja. Babu akaitumbukiza kwenye kikombe cha oili nyepesi ya injini akasema tuonane kesho. Shaba ya bushi hizi ina vitundu visivyoonekana, inakunywa oili kama sifongo, na ikifungwa kavu itakufa mapema. Saa ishirini na nne. Ulikuwa usiku mrefu kwangu, lakini sasa nisingekubali fundi aifunge bila kuiloweka.

Komyuteta aliisafisha kwa msasa laini wa karatasi, si ule mweusi wa chuma, kwa sababu chembe zake zinabaki kati ya vipande na zinaweza kupitisha umeme. Kisha akachukua kipande cha msumeno wa chuma alichokisaga pembeni kikawa chembamba, akakwangua maika, kile kisichopitisha umeme kilicho kati ya kipande na kipande, ili ishuke chini ya shaba kwa kama milimita moja kasoro. Alikuwa anapiga mkwaruzo mmoja, anapuliza, anapiga mwingine. Ilimchukua karibu saa nzima. Nilikaa naye, nikamshikia taa, na ndipo nilipojifunza zaidi kuliko siku zote za kuzunguka madukani.

Ilipofika zamu ya upande wa betri, tulijadiliana. Ningeweza kurudisha chanya kwenye bodi kama kiwanda kilivyotaka. Babu alishauri tuache hasi, kwa sababu taa za LED na vifaa vyote vya siku hizi vinataka hivyo, na kila fundi atakayekuja atadhani hivyo hata ukimwandikia ukutani. Cha lazima ni kuiambia dainamo. Kabla ya kurudisha nyaya zake, alichukua waya kutoka chanya ya betri akaugusisha kwenye F ya dainamo, kufumba na kufumbua, cheche ndogo, basi. Mara mbili. Usumaku umegeuka. Nyaya mbili za nyuma ya ampemita zikabadilishana nafasi ili mshale usiseme kinyume, na katauti nyingine mpya ikafungwa. Nilipaka rangi nyekundu kwenye kichwa cha chanya, na kwenye sanduku la betri nikaandika kwa rangi nyeupe: HASI KWENYE BODI.

Injini ikawaka. Mshale wa ampemita, kwa mara ya kwanza tangu nijue kuusoma, ukavuka sifuri kwenda upande wa kuchaji. Mpwa wangu alipiga makofi. Babu hakupiga. Akaweka mita kwenye dainamo: 14.6. Akaweka kwenye betri: 13.1.

Volti moja na nusu inapotelea njiani. Hili ndilo ambalo mafundi wengi hawalitafuti, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kinafanya kazi. Aliweka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye ganda la dainamo, injini ikinguruma. Ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya volti moja. Waya wa bodi ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Mimi mwenyewe nililipaka rangi nyekundu trekta lote mwaka uliotangulia, kwa heshima ya baba, na nikaipaka hadi chini ya bolti za waya wa bodi na kwenye bano la dainamo. Tukakwangua hadi chuma cheupe, tukakaza, tukapaka grisi juu. Betri ikasoma 14.1.

Jambo la mwisho lilikuwa hesabu. Kila msimu tunalima usiku, na mpwa wangu alikuwa amefunga taa mbili kubwa za nyuma za kuangalia plau, juu ya zile mbili za mbele. Dainamo hii hutoa ampea 11 ikiwa nzima na injini inakwenda. Ikinguruma taratibu haichaji kitu. Zile taa mbili za wati 55 peke yake zilikuwa zinakula ampea 9. Ongeza za mbele, na hata dainamo mpya kabisa ingezidiwa kila usiku na betri ingekuwa inalipia. Tukazitoa tukafunga mbili za LED za wati 18. Mwanga unatosha kuona mfereji wa plau, na mshale haushuki.

Wako wanaoniuliza kwa nini sikufunga alteneta, ile mashine ya kuchaji ya magari ya siku hizi, nikaachana na mambo ya brashi na bushi. Si kosa kufunga. Inatoa umeme mwingi na inachaji hata injini ikienda taratibu. Lakini dainamo naweza kuifungua mwenyewe chini ya mwembe, na sasa naijua. Ila mwenye alteneta nina neno moja naye. Usifuate ule mchezo wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka "ili uone kama inachaji". Dizeli ya zamani haihitaji umeme ili iendelee kuwaka, kwa hiyo hutajifunza kitu, na alteneta inaweza kufa palepale.

Tulianza na shamba la mama mmoja mjane, ekari mbili, aliyelipa wa kwanza na kungoja kuliko wote. Nilimwomba radhi. Akasema, "Baba, wewe lima tu." Tuliingia saa kumi na moja jioni na giza likatukuta katikati ya ekari ya pili. Mpwa wangu alitembea nyuma ya plau, akiangalia mifereji kwenye ule mwanga mweupe mpya. Mimi kila tulipofika mwisho wa shamba na kugeuza niliinama kuangalia ampemita. Saa tatu usiku tulifunga mfereji wa mwisho. Nilizima injini, nikakaa kidogo gizani, kisha nikapeleka mkono wa gia kwenye S. Ikashika mara moja.